Theluji ya Chanika

Shangazi yangu wa Handeni hajui Kiingereza, na theluji ameiona kwenye friji la muuza juisi tu. Hata hivyo ana picha moja ya Kizungu kwenye flashi ambayo ameitazama mpaka ameichosha. Binti wa ofisini, mji wa maghorofa. Simu inaita. Binti anafunga mabegi mawili, anaendesha gari mpaka mji mdogo alikozaliwa, huko kila dirisha lina taa za Krismasi, na kabla hajashusha begi la pili anagongana na kijana wa shati la drafti aliyebeba mti begani.

"Huyo ndiye," anasema shangazi, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Picha haijafikisha dakika tano.

Niliingia Chanika jioni moja nikitokea Korogwe, kilomita 65 za lami. (Chanika ndiyo Handeni mjini. Wa Dar es Salaam tulieni, si ile yenu.) Nikakaa mkekani na ugali wangu na mlenda, nikamsikiliza shangazi akiitangulia picha. "Sasa atamwagiwa kahawa." Akamwagiwa. "Sasa watafundishana kuoka." Wakapakana unga puani. "Sasa wanataka kubusiana, mtu ataingia." Mtoto akaingia na kengele mkononi. Kila alichokitaja kilifika, na kila kilipofika alicheka kwa furaha ya mtu aliyetegua kitendawili, ingawa kitendawili chenyewe alishakitegua mara kumi.

Katikati ya picha akasimamisha cherehani. Binti yuko jikoni na mama yake, wanapamba biskuti. Baba alishafariki, katika picha hizi ni lazima mzazi mmoja awe ameshafariki. Kijana wa drafti anabisha hodi. Hapo shangazi akauliza swali ambalo, binamu zangu wanasema, huliuliza kila mara picha inapofika mahali hapo.

"Hivi huyu mtoto hana wajomba?"

Hakuna aliyemjibu.

"Barua ataipeleka kwa nani huyu kijana? Kwa huyo mbwa?"

Kweli kulikuwa na mbwa, amelala mbele ya moto, amefungwa utepe mwekundu shingoni.

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Picha za aina hii zina kiwanda chake. Hallmark, kampuni ya kadi za salamu yenye makao Kansas City, Marekani, ina chaneli ya televisheni ambayo tangu 2009 imeufanya mwisho wa mwaka kuwa msimu wa picha za mapenzi ya mji mdogo, moja baada ya nyingine, makumi ya picha mpya kwa msimu mmoja. Huchukua wiki mbili tatu tu kupigwa. Nyingi hupigwa Kanada, na baadhi hupigwa kiangazi, theluji ikiwa ya kutengeneza na waigizaji wakitoka jasho ndani ya makoti. Busu la kweli hufika dakika za mwisho. Likifika mapema, jua kuna fitina mbele. Picha moja ya 2017 iliyouzungumzia mji mdogo uitwao Evergreen ilitumia kijiji cha makumbusho kilichoko Burnaby, karibu na Vancouver: maduka ya zamani, barabara za zamani, vitu ambavyo watu huenda kuvitazama tu. Nikikumbuka hilo naona picha hizi ni za kuombolezewa zaidi ya kuchekwa. Mji mdogo anakorudi binti yule, kwao wenyewe umebaki makumbusho.

Nilimweleza shangazi habari ya theluji ya kutengeneza. Hakushtuka hata kidogo. "Mwaka huu hata mvua ya Handeni ilikuwa ya kutengeneza," alisema.

Mimi mwalimu, na walimu tuna maradhi ya kudharau. Niliwahi kusimama mbele ya darasa nikasema kwamba hadithi inayojulikana mwisho wake haina kazi. Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari. Nilikuwa nimesahau nilikolelewa. Nimelelewa Manundu, Korogwe, na shule yangu ya kwanza ya sanaa ilikuwa kibanda umiza: mbao za mabanzi kwa mabenchi, mapazia ya magunia, joto la watu sitini ndani ya chumba cha watu ishirini, na spika imetundikwa nje ili anayepita asikie ngumi zinavyolia. Kanuni ya kwanza tuliyoijua, kabla ya kanuni ya kutafuta eneo la duara, ilikuwa hii: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kuachwa kwenye nyumba inayoungua. Hafi. Na kama kwa bahati mbaya mtu uliyemdhania steringi akafa, basi hakuwa steringi, ulikosea wewe, na ubishi wa nani alikuwa steringi wa kweli uliweza kutufikisha mpaka kwenye daraja la Mto Pangani bila mtu kukubali.

Kiingereza hatukukijua. Kihindi hatukukijua. Kichina ndiyo kabisa. Baadaye zilikuja kanda zenye sauti ya Kapteni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, akiisimulia picha kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, akiihamishia mitaani kwetu, akimpa jambazi wa Hong Kong maneno ya mpiga debe. Wakarithi wengine, leo vijana wanawataja DJ Mark na DJ Murphy kama sisi tulivyomtaja Lufufu. Lakini kabla yao tulikuwa tukielewa. Wazee wetu walielewa kabla yetu. Baba alikuwa akisimulia habari za kwenda Tanga mjini kuangalia picha za Kihindi kwenye sinema za Majestic na Novelty, na alikuwa na uwezo wa kukusimulia Bobby, picha ya Raj Kapoor ya 1973, tajiri na maskini wanaopendana na wazazi wanaokataa, mwanzo mpaka mwisho pamoja na machozi, na hakujua neno moja la lugha ile zaidi ya yale ya kwenye nyimbo. Ukishajua kwamba huyu ni maskini, huyu ni tajiri, na yule mama aliyeshika moyo ndiye atakayezuia ndoa, maneno ni mapambo.

Hii ndiyo kazi ya kanuni ambayo sikuwaambia wanafunzi wangu. Hadithi yenye mwisho usiojulikana inahitaji lugha. Hadithi yenye mwisho unaojulikana inahitaji macho tu, ndiyo maana inavuka bahari bila pasipoti. Shangazi, mbele ya picha isiyo na Lufufu wala maandishi chini, hakukosa kitu isipokuwa majina ya wahusika, na hayo aliwapa yeye. Kijana wa drafti anaitwa Seremala. Yule mchumba wa mjini mwenye suti, anayepiga simu wakati wote, anaitwa Afisa.

Sisi nasi tuna kiwanda chetu. Bara tulipata televisheni 1994, wenzetu Zanzibar wakiwa wametutangulia kwa miaka ishirini, na filamu za kanda za hapa nyumbani zikaanza kushika moto baada ya Girlfriend ya George Tyson, 2003. Kisha wakaja akina Kanumba, Ray na Johari, muvi zikawa zinauzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na sehemu ya kwanza ilikatika pale pale ulipokuwa huwezi kulala bila ya pili. Ule mpangilio nawaachia mjikumbushe wenyewe: binti maskini, kijana wa geti jeusi, mama wa kijana mwenye miwani ya jua sebuleni, rafiki mnafiki, chumba cha hospitali chenye dripu moja, daktari anayevua miwani na kusema tumejitahidi. Halafu maandishi: baada ya miaka mitano.

Tuliyaangalia yote na tuliyapenda. Mimi niliyapenda zaidi ya ninavyoungama mbele ya walimu wenzangu. Na tarehe 7 Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki akiwa na miaka 28, kinyozi wetu wa Manundu alizima redio, akakaa kwenye kiti cha mteja, akasema jambo ambalo sijasikia tahakiki ya filamu iliyolipita: "Huyu kafa kwenye picha nyingi, tukijua kesho yupo."

Lakini nina ugomvi na Bongo Muvi, na ugomvi wenyewe ni wa kijiografia. Handeni ikitajwa kwenye picha zile, ujue mtu anatafutiwa dawa. Mama mkwe akishindwa kwa maneno, anapanda basi. Kamera inaonyesha migomba, inaonyesha kibanda cha nyasi, ndani kuna mzee wa shuka jekundu na kibuyu, na huo ndio Mkoa wa Tanga wote. Tukitoka kwenye limbwata hatuna sehemu. Korogwe hatupati hata kibuyu. Sisi ni dirisha la basi, mhusika anapita akiwa amelaza kichwa kwenye kioo, muziki wa huzuni unapiga, tayari yuko Arusha. Mapenzi yenyewe yanafanyika Mbezi Beach, kwenye nyumba yenye ngazi za kuzunguka. Huwezi kupendana kwenye nyumba isiyo na ngazi.

Kwa hiyo nirudi kwa swali la wajomba, kwa sababu ndilo lililonifungua macho kwamba kanuni hizi mbili, ya kwao na ya kwetu, haziogopi kitu kimoja. Binti wa theluji hana wa kumkataza. Tatizo lake lote liko ndani ya kifua chake: nimpende au nisimpende, nibaki au niondoke. Anaamua peke yake, kwenye daraja, usiku, akiwa na glavu. Anachokiogopa ni upweke, na mji mdogo umewekwa pale kama dawa ya upweke: muuza mkate anakujua jina, mwalimu wako wa zamani anakukumbatia, watu wote wanaimba. Binti wa Bongo Muvi hana nafasi ya upweke. Amezungukwa. Anachokiogopa ni watu, yaani mama mkwe, wifi, jirani, baba aliyekwisha kula mahari ya mwingine. Hapa tuko karibu na Bombay kuliko Kansas City. Katika ile picha maarufu ya Shah Rukh Khan ya 1995, kijana angeweza kutoroka na binti na picha ikaisha katikati. Yeye akakataa, akataka baba mtu atoe mkono wake mwenyewe. Wazee wa Korogwe wakaielewa papo hapo bila mkalimani.

Na hapa shangazi alinifundisha jambo jingine. Kila picha ya theluji ina fitina ya lazima: ikibaki robo saa, binti anasikia nusu ya mazungumzo ya kijana na mtu mwingine, anaelewa vibaya, analia, anawasha gari. Mimi huona ni uvivu wa mwandishi. Shangazi akaona upungufu wa utaratibu. "Angekuwepo mshenga," alisema, "hili lisingefika hapa."

Nimelipima jambo hilo na naliona sahihi kabisa. Mshenga ni chombo kilichobuniwa ili robo saa ile isitokee. Maneno yanapita kwake, anayachuja, anayapeleka yakiwa yamepoa. Binti akisikia nusu, mshenga anayo nusu nyingine. Barua ya posa inapelekwa na pesa ndani, inajibiwa, vinatajwa kilemba cha baba na mkaja wa mama, vinajadiliwa vikiwa na bei, na mpaka kijana na binti wanapokutana tena, ugomvi wao umeshatatuliwa na watu wanne wenye kofia waliokuwa wakinywa chai ya tangawizi. Waandishi wa Hallmark wakikubali mshenga mmoja tu, kiwanda kitafungwa.

Na tazama harusi zetu, ndugu msomaji, kabla hujacheka picha ya mtu. Unapokea kadi ya mchango, singo au dabo. Unalipa. Unafika ukumbini saa moja, maharusi wanaingia saa tatu. MC anasema kwamba maharusi wako getini, na wewe unajua hawako getini. Wanaingia kwa wimbo uliousikia Jumamosi iliyopita. Shampeni inarushwa, keki inakatwa, analishwa mke, analishwa mume, zinapelekwa keki kwa wazazi na akina mama wanakwenda kwa kucheza, hatua mbili mbele moja nyuma. Hakuna hata dakika moja ambayo mtu mzima ukumbini hajui kinachofuata. Tunakaa mpaka saa sita na machozi yanatutoka kwa wakati uliopangwa kwenye ratiba. Sijamsikia mtu akiamka na kusema harusi hii inatabirika.

Shangazi anaishi kwa kanuni hiyo, kwani ndiye anayeshona sare. Wiki ile alikuwa na vitambaa vya zambarau vya upande wa bwana harusi, magauni kumi na saba, na cherehani lililokuwa likiukata mlio wa kengele za theluji ni lile lile alilokuja nalo.

Sasa nalazimika kusimulia jinsi alivyokuja nalo. Aliondoka Handeni 1996 kwenda Dar es Salaam kuolewa. Ilikuwa ndoa, na baada ya miaka kumi na tano haikuwa ndoa tena. Sababu ni zake na hazihusiani na ukurasa huu. Mwaka 2011 alishuka kwenye basi pale Mkata, akapanda gari jingine kuja Chanika kwa barabara ya vumbi ya wakati ule, akiwa na cherehani na mabegi mawili.

Mabegi mawili. Nilikuwa nimeitazama picha ile mpaka karibu na mwisho ndipo nikayaona.

Sikiliza neno hili kwetu: amerudi. Usiseme zaidi, sema tu "fulani amerudi," halafu tazama jinsi watu wanavyotikisa kichwa. Amerudi maana yake mji umemshinda. Amefulia. Amerudishwa. Aliyeondoka akarudi na gari, huyo hakurudi, huyo amekuja kutusalimia. Anayerudi ni yule wa basi na mabegi, na majirani hufika kumpa pole wakihesabu vyombo kwa macho. Shangazi alipewa pole hizo kwa muda wa miezi. Alipokwenda kisimani aliulizwa utakaa mpaka lini, akimaanisha muulizaji utaondoka lini. Na kanuni ya Bongo Muvi ilikuwa upande wa majirani: kwenye picha zetu anayerudi kijijini anarudi mgonjwa, au mjamzito, au kuomba radhi kwa mama ambaye atakuwa amefariki asubuhi ya siku hiyo hiyo. Sikumbuki picha yetu hata moja ambayo mtu anarudi mji mdogo na hapo ndipo hadithi nzuri inapoanza.

Binti wa theluji anarudi na hakuna anayempa pole. Muuza mkate anafurahi. Mji mzima unatenda kana kwamba ulikuwa umemwekea nafasi yake. Ukimwondoa kijana wa drafti, ukaondoa busu na taa, kinachobaki kwenye kanuni ile ni mwanamke aliyerudi bila aibu, na nadhani hicho ndicho ambacho shangazi amekitazama miaka yote, kwa lugha asiyoijua, mguu ukiwa kwenye pedali. Anajua atakachokiona. Angekuwa na shaka kidogo tu kwamba safari hii mji utamkataa binti, asingeiwasha.

Mapenzi ya Seremala hayamshughulishi sana, kama unataka kujua. Busu la mwisho lilipofika alikuwa anatafuta sindano iliyoanguka.

Si kwamba Kiswahili hakijapata kuwaza habari ya kurudi kwa heshima. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Tanga, amemwandika Utubora, mtu aliyeiacha kazi ya ofisini mjini na kwenda kijijini kushika jembe, na kitabu kizima kinamsimamia. Kilichapwa 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Lakini Utubora ni mwanamume, na alichagua. Mwanamume akiacha mji ana falsafa. Mwanamke akiacha mji, huulizwa amefanya nini.

Na malighafi tunayo, ndiyo inayoniuma. Korogwe mabasi ya Arusha na Dar husimama, abiria wanateremka kula na kuchimba dawa, na ndani ya dakika hizo chache mtu ananunua machungwa kwa muuzaji ambaye atamwona tena akirudi, au hatamwona. Mwandishi anataka nini zaidi? Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kimya cha zaidi ya miaka ishirini, na siku za kwanza watu wa kwetu walikwenda stesheni wakiwa hawana safari, wamevaa vizuri, kuitazama tu. Handeni inakunywa maji ya Korogwe: tangu miaka ya 1970 bomba la mradi wa maji wa HTM linayavuta kutoka Mto Pangani, na yakikatika, foleni ya madumu huwakutanisha watu ambao wazazi wao wasingekubali wakutane. Kule Msomera, Handeni, familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro zilianza kufika 2022. Nipe kijana wa upande mmoja na binti wa upande wa pili, nipe wazee wa pande zote mbili chini ya mti, sihitaji ngazi za kuzunguka.

Babu yangu mzaa mama alikuja Korogwe kutoka Njombe akiwa manamba wa mkonge. Aliambiwa ni mkataba wa mwaka mmoja. Akamwona bibi yangu akipita na mtungi, akaongeza mwaka, akaongeza mwingine, na kaburi lake liko hapa. Mji wetu mzima ni wa watu waliofuata reli ya Mjerumani iliyofika 1902, wakafuata mkonge, wakafuata mtu. Hakuna aliyewapigia picha.

Kwa hiyo enyi watengenezaji wa tamthilia, nyinyi wa Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, mnaojua kutuliza saa mbili usiku kila siku bila kukosa, naomba jambo dogo. Sitaki mbadilishe kanuni. Msituletee mwisho wa kushangaza, tuna mishangao ya kutosha kwenye bei ya unga. Busu mnaweza kuliacha. Mshusheni tu mwanamke mmoja kwenye basi pale Mkata, na mabegi mawili na cherehani, mumfikishe Chanika, na mama wa jirani akitoka kumpokea asimpe pole.

Asubuhi nilipokuwa naondoka shangazi aliniagiza nimtafutie picha nyingine Korogwe, kwenye hizi laibrari zetu za kuingizia muvi, kwani hiyo moja flashi imeanza kuikwamisha. Nikamuuliza anataka ya aina gani. Akafikiri, uzi ukiwa mdomoni. Ya theluji, alisema, ila iwe na wajomba.

Nimeshapita laibrari tatu, mbili Manundu na moja karibu na stendi. Hawana.